Uliza Tukujibu: Bosi wa benki kwenye fremu, nani alilipa?

Toleo lililopita tuliweka ukurasa mzima ile picha ya Francisco Cabarrús, mtu wa benki wa Hispania aliyechorwa na Goya, mchoraji wa Kihispania, mwaka 1788, na jamani meseji zimemiminika, wengine wanauliza mambo ya maana wengine wanataka tu kujua lile koti limeshonwa kwa kitambaa gani. Nimechagua chache. Nyingine nimezikata kidogo maana kuna mtu aliandika kurasa tatu na swali lilikuwa kwenye mstari wa mwisho.

Shikamoo dada wa picha. Mimi niko masijala kwenye ofisi moja ya umma hapa Dodoma, na kwenye korido yetu zimepangwa picha za wakubwa wote waliopita, kila mmoja kakaa, mkono juu ya meza, bendera nyuma. Sasa huyu wenu hana meza, hana kiti, hata ukuta hana, kasimama tu hewani. Alikuwa nani huyu na kwa nini mchoraji kamwacha hivyo? Na hela ya kuchora alitoa yeye au benki?
*Msomaji, Dodoma*

Marahaba. Nianze na hela maana hapo ndo kila kitu kinapoeleweka. Benki ndo ililipa. Vitabu vya hesabu vya benki vipo mpaka leo na vinaonyesha Goya alipewa reale 4,500 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ile picha haikuwa zawadi ya mke wala ya kutundika sebuleni, ilikuwa mali ya ofisi toka siku ya kwanza, kama viti na makabati.

Cabarrús mwenyewe wala hakuwa Mhispania wa kuzaliwa. Kazaliwa Bayonne, Ufaransa, mwaka 1752, kwenye familia ya wafanyabiashara, akatumwa Hispania bado kijana akajifunze biashara kwa mfanyabiashara mmoja wa Valencia, na kijana akajifunza kweli, mpaka akamwoa binti wa mwenye nyumba kwa siri. Baadaye wakahamia Carabanchel, nje kidogo ya Madrid, akawa anaendesha kiwanda cha sabuni cha upande wa mke. Ndiyo, sabuni. Kutoka kwenye sabuni akaingia kwenye pesa za serikali, na ilikuwa hivi: Hispania iliingia vitani na Uingereza mwaka 1779, meli za fedha kutoka Amerika zikawa hazipiti vizuri, hazina ikakauka. Cabarrús akaja na wazo la kutoa hati fungani za mfalme zenye riba ya asilimia 4 ambazo mtu angeweza kulipia vitu kama pesa. Zikatoka mwaka 1780. Halafu mwaka 1782 ikaanzishwa Benki ya San Carlos, benki ya kwanza ya kitaifa Hispania, yeye akiwa ndo mwenye wazo na msukumo wote, mtaji ukapangwa reale milioni 300 kwa hisa 150,000. Mwaka wa picha yuko na miaka thelathini na kitu, yuko juu kabisa, ukonte, yaani kile cheo cha heshima cha mabwana wakubwa, bado hajapewa (aliupata mwaka uliofuata, 1789).

Sasa mambo ya kusimama hewani. Goya aliichukua hiyo kwa Velázquez, mchoraji wa karne ya 17 ambaye alimchora mchekeshaji mmoja wa ikulu, Pablo de Valladolid, kasimama miguu imetanuka, mkono umenyooshwa kama anahutubia, na nyuma hakuna kitu, hata mstari wa kutenganisha sakafu na ukuta hakuna, ila kivuli kidogo tu miguuni kinachokwambia kuna sakafu. Goya aliwahi kutengeneza nakala za picha za Velázquez kwa kuchora kwenye bamba za shaba mwaka 1778, kwa hiyo zile picha za ikulu alikuwa anazijua mstari kwa mstari. Akaja akambebesha mtu wa benki lile pozi la mchekeshaji. Mimi naliona ni utani kidogo, utani wa heshima lakini. Huyu jamaa alikuwa anaishi kwa kushawishi watu, kila mradi wake ulianza kwa maneno, na ukimwangalia ule mkono wa kulia unavyotoka mbele ni mtu anayeendelea kuongea hata kwenye picha.

Halafu lile koti. Hariri, rangi katikati ya kijani na dhahabu, na Goya hakuhangaika kuchora uzi kwa uzi, sogeza macho karibu utaona ni mipigo ya brashi nyepesi, ya haraka, nyeupe na njano juu ya kijani, kwa mbali ndo inakuwa hariri inayong'aa juu ya kitambi. Kitambi kipo, hajakificha. Ukitoa meza, pazia na nguzo, kinachobaki ni nguo na mwili, yaani mwenye pesa na pesa yake. Wakubwa wa kwenye korido yenu wana meza ya kujishikiza, huyu hana cha kujishikiza kabisa na bado anasimama, na ndo maana kati ya picha zote za wenye benki nilizowahi kuziangalia hii naipa namba moja.

Asalaam aleikum dadangu. Hizo reale 4,500 ni pesa za namna gani, nyingi au kidogo? Maana babu yetu hapa Mombasa alikuwa akitaja reale, sijui ndizo hizo. Na nimesoma mahali kuwa huyo Goya mwenyewe alikuwa na hisa kwenye benki hiyo hiyo, je huo si mgongano wa maslahi?
*Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam. Ni ndugu lakini sio zile zile. Reale ya kwenye hesabu za benki ya Madrid ilikuwa pesa ndogo ya kuandikia vitabuni, ishirini zake ndo zinatengeneza sarafu moja kubwa ya fedha ya Hispania. Hiyo sarafu kubwa ndo ilizunguka dunia nzima mpaka pwani yetu, ilikuwa na nguzo mbili zimechorwa upande mmoja, na wazee wakaiita reale ya mzinga kwa sababu nguzo zilionekana kama mizinga. Kwa hiyo piga hesabu: 4,500 gawa kwa 20, unapata sarafu 225 za fedha.

Kidogo au nyingi? Goya alipochaguliwa mchoraji wa mfalme mwaka 1786 mshahara wake ulikuwa reale 15,000 kwa mwaka. Picha ya Cabarrús ni kama mshahara wake wa miezi mitatu na nusu na ushee. Hisa moja ya benki ilikuwa reale 2,000. Kwa upande mwingine picha ya kwanza aliyoichorea benki, ya mkurugenzi José de Toro y Zambrano mwaka 1785, alilipwa reale 2,328, lakini ile ni nusu mwili, jamaa anaonekana kuanzia kiunoni tu, ya Cabarrús ni mwili mzima mpaka viatu na turubai lina urefu wa zaidi ya mita mbili. Bei ilikwenda na ukubwa, hakuna miujiza.

Kuhusu hisa ni kweli alikuwa nazo, tena alikuwa anahudhuria mikutano ya wanahisa. Mimi mgongano sioni, wa siku hizo hasa, maana hakuwa mkaguzi wa mahesabu, alikuwa mchoraji aliyeweka akiba yake pale. Kazi yenyewe aliipata kwa kujuana, hilo nalo tuseme ukweli: rafiki yake Ceán Bermúdez, mtu wa kuandika historia ya sanaa, alikuwa mfanyakazi wa benki na ndiye alimsogeza Goya kwa wakurugenzi. Miaka mitatu Goya akawachorea Toro y Zambrano, Konte wa Altamira, Markizi wa Tolosa, Larrumbe, mfalme Carlos III na huyu Cabarrús. Tenda moja ikazaa nyingine, kwa sababu Altamira alipoona alivyochorwa, akamuita Goya nyumbani amchoree na familia, na ile picha ya mtoto wa Altamira mwenye nguo nyekundu, kashika kamba ya ndege huku paka wanamkodolea macho yule ndege, ambayo leo iko New York na watu wengi wameiona hata kama hawajui jina la aliyechora, ilitokana na hiyo tenda ya benki.

Na Altamira ndo kichekesho chenyewe. Alikuwa mfupi sana, wa kusemwa mjini. Goya kamkalisha kwenye meza ya kitambaa cha njano, na meza inamfika kifuani, wala mchoraji hakuishusha. Ni picha rasmi, imelipiwa na benki, ya mtu mwenye vyeo mpaka havihesabiki, na bado mchoraji kaacha meza ikae ilivyo.

Habari yako dada. Binti yangu anasoma historia ya uchumi, ameniletea kwenye simu picha za magavana na mawaziri wa fedha wa Hispania wa karne ya 19, nikaona mbona wote ni mtu mmoja? Koti jeusi, mshipi begani, nishani kifuani, karatasi mkononi. Walikuwa wanasimama kweli masaa yote hayo au ni kukopi tu?
*Mama msomaji, Bukoba*

Nzuri mama, na mpe binti hongera. Umeona vizuri, wanafanana kwa makusudi.

Kwanza elewa kilichotokea kwenye benki. Ile San Carlos ilikopesha serikali mpaka ikakwama, serikali haikulipa, mwaka 1829 ikafungwa na wanahisa wakaridhia kupokea reale milioni 40 badala ya deni la zaidi ya milioni 300, ndo ikazaliwa Benki ya San Fernando. Mwaka 1844 ikaja mshindani, Benki ya Isabel II, ambayo José de Salamanca alikuwa mmoja wa waliokuwa nyuma yake. Zikapigana kwa kukopesha mpaka mwaka 1847 zikaunganishwa kwa lazima kwa sababu zote zilikuwa hoi, mwaka 1856 jina likabadilishwa kuwa Benki ya Hispania. Kila jina lilipobadilika picha zilirithiwa, ndo maana Goya wa 1788 yuko kwa benki ya leo.

Gavana wa kwanza wa baada ya vurugu hizo ni Ramón de Santillán. Kazaliwa Lerma, mkoa wa Burgos, mwaka 1791, ujana wake alipigana msituni dhidi ya Wafaransa kwenye kundi la padri Merino, akaja akawa mtu wa mahesabu, akawa waziri wa fedha mara mbili kwa muda mfupi mfupi, akaongoza kamati iliyotengeneza mfumo mpya wa kodi wa 1845, ule unaotajwa kwa majina mawili, Mon (waziri wa fedha wa wakati huo) na Santillán. Kuanzia 1849 mpaka anafariki 1863 alikuwa kichwa cha benki. Sasa fikiria mtu wa aina hiyo unamchora vipi? Benki imetoka kuaibika, watu wameogopa noti zake. Huwezi kumweka na hariri ya kung'aa kama Cabarrús, watu watasema huyu naye anakula hela zetu. Unamweka na nguo nyeusi, uso mzito, karatasi, wino. Koti jeusi la karne ya 19 lilikuwa linasema mimi natunza, situmii. Ndo maana nasema picha rasmi huchora kiti kwanza, mwenye kukikalia anafuata, na kiti cha benki baada ya 1847 kilikuwa kinahitaji kuaminiwa kuliko kupendwa.

Vile vitu kifuani na begani vilikuwa ni CV. Mshipi wa samawati na nyeupe ni nishani ya Carlos III, ilianzishwa 1771. Wa njano na nyeupe ni ya Isabel Mkatoliki, ya 1815. Mtu akiingia ofisini haulizi, anaangalia begani tu anajua huyu alifika wapi. Mwenye cheo alikuwa anakagua hapo kuliko alivyokuwa anakagua pua yake! Na kusema ukweli kuna picha za kipindi kile, hasa za kuelekea mwisho wa karne, nishani imechorwa kwa upendo kuliko uso, unaona kila punje ya dhahabu halafu macho yamekaa kama ya samaki wa jana.

Kuhusu kusimama masaa, hapana. Mkubwa alikuja mara chache, mchoraji akamaliza kichwa, na mikono kama bahati ipo. Nguo zililetwa studio zikavalishwa sanamu la mbao au mtu wa kulipwa mwenye mwili unaofanana, na hapo wanafunzi wa studio walisaidia kujaza pazia na kiti. Kuanzia miaka ya 1850 kamera ikaingia, Madrid kulikuwa na Mfaransa Jean Laurent na studio yake ya picha, wakubwa walikuwa wanapanga foleni, na mchoraji akiwa na picha ya kamera mezani hana haja ya kumsumbua waziri. Ukiona picha ya kuchora ya miaka ile mwanga umekaa bapa usoni na macho yanatazama kamera, usishangae.

Nakala nazo zilikuwepo kwa wingi. Malkia Isabel II alichorwa, halafu studio ikatoa nakala kwa wizara, kwa balozi, kwa mahakama. Bingwa wa hizo kazi alikuwa Federico de Madrazo, kazaliwa Roma 1815, mtoto wa mchoraji, baba yake alikuwa mkurugenzi wa Prado, lile jumba la makumbusho ya sanaa Madrid, na yeye akaja kuwa mkurugenzi wa Prado mara mbili. Alikuwa na daftari la kuandika kila picha ya mtu aliyoichora, na orodha inapita 600. Picha mia sita! Kwa kasi hiyo lazima mapozi yajirudie mama, wala hakukuwa na uvivu, ilikuwa biashara na oda zimejaa.

Ila Madrazo akitulia ni hatari. Muangalie kwenye nguo nyeusi za wanaume, nyeusi yake sio moja, kuna nyeusi ya velveti, nyeusi ya sufu, nyeusi ya hariri ya kola, na zote unazitenganisha. Mwambie binti akuze picha kwenye simu sehemu ya kola tu.

Mambo vipi dada. Mi ni mchoraji, niko Arusha. Chama kimoja cha kuweka na kukopa kimenipa kazi ya kumchora mwenyekiti anayestaafu. Wameniletea paspoti saizi ya zamani, wanataka avae joho la digrii ya heshima ambayo bado hajapewa, kitambi kipungue, na kamati ya watu saba kila mtu ana maoni. Hao wa Hispania walikuwa wanafanyaje? Nifanyeje mimi?
*Mchoraji, Arusha*

Poa kaka. Kwanza pole, na hongera kwa oda.

Wenzio walianza na karatasi. Oda ya ofisi ilikuwa na vipimo (kichwa tu, nusu mwili, robo tatu, mwili mzima), bei kwa kila kipimo, na nani anakubali kazi. Hilo la mwisho ndo muhimu kwako. Kamati ya watu saba hairidhiki hata ukiwaletea malaika. Waambie wachague mtu mmoja wa kusaini, na asaini mchoro mdogo wa awali kabla hujagusa turubai kubwa, ukubwa wa daftari unatosha, pozi, nguo, mwanga unatoka wapi. Wachoraji wa karne ya 19 walikuwa wanatoa huo mchoro mdogo na ukikubalika ndo wanaendelea, akirudi mtu akasema mkono ushuke unamwonyesha sahihi. Malipo ya awali chukua, yatoshe kununua rangi na turubai na fremu na yabaki kidogo, kwa sababu mwenye kustaafu akishastaafu hela ya kumalizia inakuwa ngumu kuliko unavyodhani.

Paspoti hapana. Omba dakika arobaini na mzee mwenyewe, sio lazima akae kama sanamu, mpige stori za alivyoanza chama, piga picha kwa simu karibu na dirisha, mwanga wa upande mmoja, na chora mikono yake kwa penseli pale pale maana mikono ya paspoti haipo na ukiibuni itaonekana ni ya mtu mwingine.

Joho la digrii ambayo hajapewa usichore. Hapa sina utani, ile picha itakaa ukutani miaka 50 na kila atakayepita atasoma joho kama ukweli. Cabarrús kachorwa 1788 bila ukonte kwa sababu alikuwa hajaupata, ukaja 1789, na hakuna aliyerudi kuongeza. Akipewa digrii baadaye wataandika kwenye kibao cha shaba chini ya fremu, kibao kinabadilishwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Kitambi mnaweza kuelewana. Mgeuze robo tatu badala ya kumkabili uso kwa uso, koti la rangi moja, kifungo kimoja kimefungwa, mwanga upige usoni tumbo libaki kivulini. Hujadanganya, umechagua tu upande. Goya hakuchagua hivyo kwa Cabarrús lakini wewe sio Goya na mwenyekiti sio Cabarrús, na unataka kulipwa.

Ukipata nafasi tafuta picha nyingine ya Goya, ya Juan Bautista de Muguiro, ya 1827. Huyu naye mtu wa benki, alikuwa Bordeaux, Ufaransa, ambako Goya alihamia mwaka 1824. Hii haikuwa oda ya ofisi yoyote, Goya kaandika pale pale kwenye turubai kuwa ni ya Don Juan de Muguiro, kutoka kwa rafiki yake Goya, akiwa na miaka 81, Bordeaux, Mei 1827. Mzee hasikii kabisa, macho yamechoka, mwaka mmoja kabla ya kufa, na bado kamkalisha yule jamaa na nguo nyeusi, karatasi mkononi, uso wa mtu aliyekatizwa akiwa anasoma barua. Vitu ni vile vile vya picha rasmi, nyeusi na karatasi na kiti, ila hakuna nishani, na brashi imekwenda haraka haraka kama mtu anayeongea na mwenzie. Nakutajia hiyo kwa sababu wewe una vitu hivyo hivyo vitatu, koti, karatasi, kiti, na usidhani ni vichache.

Huyo Muguiro alifanya na jambo lingine. Goya alipofariki, Leocadia, mama aliyekuwa akiishi naye, alibaki hana kitu, akamwandikia Muguiro mwishoni mwa 1829 kuhusu picha ya msichana muuza maziwa, akamwambia marehemu alimuusia asiiuze chini ya onsi moja ya dhahabu. Muguiro akainunua. Picha zote mbili, yake na ya muuza maziwa, ziliishia Prado kupitia familia yake.

Dada, ni kweli huyo Cabarrús alifungwa? Kwenye picha anaonekana mtu safi.
*Msomaji, Kigoma*

Alifungwa kweli. Alikamatwa mwaka 1790, mfalme mpya, waziri wa fedha hampendi, benki ina maadui, na Mfaransa kipindi cha mapinduzi ya Ufaransa alikuwa anaangaliwa kwa jicho baya. Akatoka, akasafishwa jina, akarudi kwenye vyeo. Mwaka 1808 Napoleon alipomweka kaka yake José kuwa mfalme wa Hispania, Cabarrús akakubali uwaziri wa fedha, akafia kazini Sevilla 1810, akazikwa kwa heshima kwenye kanisa kuu. Wafaransa walipoondoka mabaki yake yakatolewa mle ndani, msaliti hawezi kulala hapo. Picha ilibaki benki muda wote huo, hakuna aliyeishusha kwa hasira wala kuichana, nadhani kwa sababu ilikuwa kwenye orodha ya mali.

Binti yake je? Nimesikia alikuwa maarufu kumzidi baba.
*Msomaji, Dar*

Alimzidi mbali. Teresa Cabarrús, kazaliwa kule kule Carabanchel 1773, kapelekwa Ufaransa bado mdogo, kanusurika gerezani kipindi cha vichwa kukatwa, akaolewa na Tallien mmoja wa waliomwangusha Robespierre, kiongozi wa mapinduzi kipindi hicho, mitindo yake ya nguo ikaigwa Paris nzima. Kachorwa na Gérard kasimama, gauni jepesi, maua kichwani. Picha ya baba na ya binti ukiziweka pamoja utashangaa, wote wawili wanajua wanaangaliwa.

Salamanca uliyemtaja toleo lililopita, yule wa treni, mbona hukuweka picha yake?
*Msomaji, Kampala*

Kwa sababu yeye namjua zaidi kama mnunuzi wa picha kuliko mchorwaji. José de Salamanca, mtoto wa Málaga, 1811, waziri wa fedha mwaka 1847 miezi michache, mtu wa reli ya Madrid kwenda Aranjuez iliyofunguliwa 1851, mjenzi wa mtaa wa kitajiri Madrid ambao mpaka leo una jina lake. Kajenga jumba Paseo de Recoletos, kalijaza picha za wachoraji wakubwa wa zamani, wakiwemo Goya na Velázquez. Mambo yakageuka, mwaka 1867 picha zake zikapigwa mnada Paris, na 1875 tena. Jumba nalo likaenda. Akafa 1883 na madeni. Sanamu yake ipo Madrid, kasimama katikati ya mtaa alioufilisikia.

Naomba kutumia picha ya Cabarrús kwenye kalenda ya ofisi yetu ya uhasibu Muscat. Kuna shida ya hakimiliki?
*Msomaji, Muscat*

Goya kafa 1828, kazi yenyewe haina mwenye kudai. Angalia ile fotografia ya picha unaipata wapi, maana taasisi nyingine zinaweka masharti kwenye faili walilopiga wao, hasa kwa matumizi ya biashara, waandikie kwanza barua pepe na ueleze ni kalenda ya nakala ngapi. Na mwambie wa printa asiikate miguu ili itoshe, bila kile kivuli cha chini jamaa ataelea kweli.